Laini Moja, Kompyuta Nyingi: Maswali ya Kugawana Intaneti ya Simu Nyumbani, Moshi

Maswali haya huulizwa na watu wa Moshi mjini na wa vijiji vya mlimani, wanaotaka laini moja ya simu ihudumie laptopu ya kazini, kompyuta ya watoto na simu za nyumba nzima. Wengi hufika wakiwa wameshaamua kununua kifurushi kikubwa zaidi. Ninawaomba wasubiri kwanza tuangalie mambo mawili: rauta (kifaa kinachopokea intaneti na kuigawa nyumbani) imekaa wapi, na kompyuta zinapakua nini bila wao kujua. Hela nyingi za bando hupotelea hapo.

Fundi, laini ninayo na kifurushi ninacho. Nigawe kwa njia gani?

Kuna hotspoti ya simu, kuna mifi (kile kirauta kidogo cha betri), na kuna rauta ya mezani inayoingizwa laini, yenye matundu ya waya wa mtandao nyuma na inayotumia umeme wa ukutani. Nyumba yenye kompyuta mbili na kuendelea ninaishauri hiyo ya mezani bila kusita. Antena zake ni kubwa kuliko za simu, haitoki nyumbani, na kompyuta isiyo na Wi-Fi unaichomeka kwa waya.

Mifi inamfaa anayesafiri, leo yuko Arusha, kesho Same. Ukiifanya ndiyo rauta ya nyumba na kuiacha kwenye chaji usiku na mchana kwa miezi, betri yake huvimba. Ukiona mfuniko umeanza kuinuka, acha kuitumia siku hiyohiyo.

Kwani hotspoti ya simu haitoshi?

Kwa dharura inatosha. Kwa matumizi ya kila siku ina shida ambayo watu hawaijui: simu ikipigwa na ukapokea, simu nyingi hushuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G ili kubeba sauti, isipokuwa kama simu yenyewe na mtandao wako vinabeba sauti juu ya 4G. Mtoto anayefanya mtihani kwenye kompyuta ataona ukurasa umeganda, na wewe uko kibarazani unaongea na shemeji. Tena ukitoka kwenda sokoni Mbuyuni, intaneti ya nyumba imeondoka nawe.

Kama huna budi kutumia simu, na kompyuta ni moja, iunganishe kwa waya wa USB badala ya Wi-Fi. Muunganiko unatulia na simu inachaji hapohapo. Bluetooth achana nayo, ni ya polepole mno kwa kazi hii.

Nina modemu ya zamani ya kuchomeka kwenye USB. Bado ina kazi?

Angalia kwanza kama ni ya 4G. Za 3G tu zitakuchosha. Ikiwa ni ya 4G, ichomeke kwenye kompyuta ya Windows na uwashe hotspoti iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Inapokea hadi vifaa 8. Kasoro yake ni kwamba kompyuta hiyo lazima iwe macho muda wote. Ikilala, nyumba nzima imelala. Baadhi ya rauta zina tundu la USB linalokubali modemu kama hizo, ila siyo kila modemu inaelewana na kila rauta, kwa hiyo nenda nayo dukani ijaribiwe kabla hujalipa.

Kingine: modemu na rauta nyingi zinazouzwa na kampuni za simu zimefungwa zisome laini ya kampuni hiyo tu. Muulize muuzaji wazi: inasoma laini zote?

Niweke laini ya kampuni gani?

Ile inayoshika vizuri ndani ya nyumba yako. Hakuna jibu moja la Moshi nzima, maana laini inayokimbia Shanty Town inaweza kusuasua Kiborloni. Azima simu za ndugu au wageni zenye Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL, simama mahali utakapoweka rauta, na pima kasi kwa kila moja. Pima asubuhi, kisha pima tena saa mbili usiku wakati watu wote wamerudi nyumbani. Matokeo ya saa mbili usiku ndiyo ya kuyaamini.

Laini iwe imesajiliwa kwa alama zako za vidole, siyo laini uliyopewa na mtu njiani. Piga *106# uhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Chochote kitakachofanywa na mtu yeyote kupitia rauta hiyo kinaonekana kimefanywa na laini yako.

Rauta ikae wapi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye faida kubwa na hapagharimu kitu.

Nyumba zetu nyingi zina paa la bati, kuta za tofali na nondo madirishani. Mawimbi ya simu hayapiti kwenye bati, na hudhoofika kila yanapovuka ukuta. Halafu sisi tunaichukua rauta tunaificha kwenye kabati la TV, nyuma ya king'amuzi, karibu na friji. Tumeizika.

Kwa wanaokaa mlimani kuna la ziada. Kibosho, Uru, Machame na Old Moshi kumepasuliwa na makorongo, na mawimbi hayapindi kufuata korongo. Agosti 2022 TTCL walifikisha intaneti ya kasi hadi Horombo, kambi ya wapanda Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, ilhali nyumba iliyo chini kabisa, ndani ya korongo, inaweza kuwa inahangaika kufungua barua pepe. Kinachoamua ni kilichosimama kati yako na mnara, zaidi ya umbali. Migomba nayo ina mchango wake: majani yaliyolowa hunyonya mawimbi zaidi kuliko makavu, kwa hiyo usishangae masika yanapoleta malalamiko.

Usikisie, pima. Kwenye kompyuta iliyounganishwa na rauta, fungua kivinjari na uandike anwani iliyobandikwa chini ya rauta. Mara nyingi ni 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ingia, tafuta ukurasa wa taarifa za mtandao, na utaona namba iitwayo RSRP, inayoonyesha nguvu ya mawimbi. Huwa ni hasi. Karibu na -80 ni nzuri sana, -95 inafanya kazi, na ikishazidi kushuka kupita -110 uko pembezoni. Chini yake kuna SINR, inayoonyesha usafi wa mawimbi: ikiwa zaidi ya 13 furahi, ikiwa chini ya 0 kasi itakuwa mbovu hata kama vijiti vya mtandao vimejaa.

Sasa beba rauta na waya wake wa umeme, iweke dirishani, subiri kama dakika moja, soma tena. Zunguka nyumba nzima. Kwa nyumba zilizo juu ya mji, anza na madirisha ya kusini, yanayotazama chini kwenye mji na tambarare, kwa kuwa minara mingi iko huko. Nyumba moja ya Kibosho rauta ilikuwa sebuleni juu ya kabati ikisoma -113. Dirisha la jikoni, upande wa kusini, ilisoma -97. Tofauti hiyo ya desibeli 16 ni nguvu ya mawimbi mara 40 hivi, na kilichonunuliwa ni kibao cha kuiwekea rauta na msumari wa kukishikilia.

Ninunue antena ya nje?

Kwanza hakikisha rauta yako ina matundu ya antena, nyingi hazina. Kama inayo, rauta ya 4G hutumia antena mbili kwa pamoja, kwa hiyo nunua yenye waya mbili, siyo mmoja. Na kumbuka waya wa antena hula mawimbi kila mita. Antena nzuri yenye waya mrefu na mwembamba inaweza kukurudisha ulipoanzia.

Mimi hupendelea kufanya kinyume chake: rauta yenyewe ipande juu, karibu na dirisha la ghorofani, au utumie rauta maalumu ya kufungwa nje, kisha waya wa mtandao ndio ushuke hadi sebuleni. Waya huo unabeba data hadi mita 100 bila kupoteza kasi. Wa antena hauwezi hilo. Chochote kilichofungwa nje juu ya paa kichomolewe radi zinapoanza.

Dirishani inashika vizuri, lakini sasa Wi-Fi haifiki chumba cha nyuma.

Hilo ni tatizo jingine, na ni jepesi zaidi. Rauta iache mahali inaposhika mnara. Kisha peleka intaneti kwa watu kwa waya.

Vuta waya wa mtandao kutoka rauta hadi katikati ya nyumba, na mwisho wake chomeka rauta yoyote ya zamani iliyokaa kabatini, hata ile ya kampuni uliyoachana nayo. Iandae hivi: ingia kwenye mipangilio yake, zima DHCP ili isigawe anwani zake yenyewe, ibadilishe anwani yake iwe kwenye mfululizo uleule wa rauta kuu lakini isifanane nayo (kama kuu ni 192.168.8.1, hii iwe 192.168.8.2), kisha waya uingie kwenye tundu la kawaida la LAN, usiingie kwenye lile la WAN lenye rangi tofauti. Ipe jina la Wi-Fi na nenosiri sawa na la rauta kuu, simu zitahama zenyewe ukitembea.

Vifaa vya kurefusha Wi-Fi vya kuchomeka ukutani navijua. Vinasaidia, ila vingi hupunguza kasi karibu nusu kwa sababu vinapokea na kutuma kwa redio ileile. Waya kwanza.

Rauta ikiwa na Wi-Fi za aina mbili, ya 2.4 GHz inafika mbali na kuvuka kuta, ya 5 GHz ina kasi lakini inachoka haraka. Maeneo yaliyobanana kama Majengo na Pasua, ambako simu yako inaona Wi-Fi za majirani wote, chagua chaneli ya 1, 6 au 11 kwenye 2.4 GHz, ile yenye watu wachache. Chaneli za katikati zinaingiliana na za jirani pande zote mbili.

Bando la GB 20 lilikuwa linatosha kwenye simu. Kwenye kompyuta limeisha siku mbili!

Kompyuta ikiona Wi-Fi inadhani intaneti ni ya bure. Simu ikitumia data ya laini yake hujibana. Ikiingia kwenye Wi-Fi hujiachia. Ndiyo maana bando lilelile linayeyuka.

Mlaji wa kwanza ni masasisho ya Windows. Kwenye kila kompyuta, fungua mipangilio ya mtandao, gusa jina la Wi-Fi yako na uwashe swichi ya 'Metered connection'. Kompyuta itaelewa kwamba data inalipiwa, na itaahirisha masasisho makubwa. Swichi hiyo ni ya kila kompyuta na ya kila jina la Wi-Fi; ukibadilisha jina la Wi-Fi, irudie. Simu za Android nazo zina chaguo kama hilo ndani ya mipangilio ya Wi-Fi, na iPhone na Mac za karibuni zina 'Low Data Mode'.

Masasisho yenyewe usiyakatae moja kwa moja, yanaziba mianya ya wezi. Yapange. Nunua bando la usiku, zima hiyo swichi kwa usiku mmoja, acha yashuke. Na kama una kompyuta kadhaa za Windows, tafuta 'Delivery Optimization' kwenye mipangilio na uchague vifaa vya mtandao wa ndani tu. Kompyuta moja ikishapakua, nyingine zitachukua sehemu kubwa kutoka kwake. Hakikisha haiko kwenye chaguo la kugawana na kompyuta za intaneti nzima, maana hapo bando lako linatumika kuwahudumia watu usiowajua.

Mlaji wa pili ni video. Kwa vipimo vya Netflix wenyewe, ubora wa chini unakula hadi GB 0.3 kwa saa, wa kati GB 0.7, na wa juu wa HD GB 3. Piga hesabu: GB 20 ni zaidi ya saa 60 za ubora wa chini, au chini ya saa 7 za HD. YouTube weka 480p kwa kila kifaa cha watoto, na uzime video kujicheza zenyewe. Kwenye skrini ya laptopu tofauti inavumilika kabisa.

Kila jioni mkutano wangu wa Zoom unakatakata, na kipimo cha kasi kinasema Mbps 15.

Kipimo hicho kinakuonyesha kwa herufi kubwa kasi ya kupakua. Angalia ile ndogo pembeni, ya kupakia. Intaneti ya simu huwa na njia nyembamba ya kupakia, na ndiyo inayobeba sura na sauti yako kwenda kwa wenzako.

Kinachotokea jioni ni hiki. Mtu amerudi kutoka harusini na video za simu. Simu imeshika Wi-Fi, ikaanza yenyewe kupeleka nakala za picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupakia inajaa, foleni inajengeka ndani ya rauta, na kila kitu kingine kinasubiri nyuma. Hata kupakua kunazorota, kwa sababu kila kompyuta inayopakua lazima irudishe taarifa fupi kwamba imepokea, na taarifa hizo ziko kwenye foleni ileile. Nyumba nzima inalaumu mnara, kumbe ni simu moja iliyo mezani na skrini imezimwa.

Dawa: kwenye simu zote, panga nakala za picha na za WhatsApp zifanyike usiku wa manane au kwa kubonyeza mwenyewe. Kama rauta yako ina sehemu ya kuweka kikomo cha kasi kwa kila kifaa, zipe simu kikomo cha kupakia. Na kompyuta ya mikutano iunganishe kwa waya. Mkutano wa video wa kawaida unahitaji kama Mbps 1 kwenda na Mbps 1 kurudi, kwa hiyo laini ya wastani inaubeba vizuri ikiachiwa nafasi.

Ukishafanya yote hayo na bado saa mbili usiku ni mateso lakini saa kumi na moja alfajiri inakimbia, basi mnara wenyewe umeelemewa. Jaribu laini nyingine.

Mbps 10 mbona faili la GB 1 linachukua karibu robo saa?

Ni sawa kabisa. Kasi hupimwa kwa biti, faili kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Mbps 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde. GB 1 inachukua kama dakika 14, ukiwa peke yako.

Kutuma faili kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, au kuchapa kwenye printa ya Wi-Fi, kunakula bando?

Hapana. Vyote hivyo vinapita ndani ya rauta tu, havigusi laini. Filamu iliyo kwenye laptopu unaweza kuionyesha kwenye TV ya sebuleni hata bando likiwa limeisha. Ninatamani familia nyingi zilijue hili: somo la video likipakuliwa mara moja, watoto watatu wanaweza kulitazama kutoka kompyuta moja bila kulipakua mara tatu.

Wapangaji wa nyumba ya uani wanataka tuchangie. Inaruhusiwa?

Kugawana ndani ya familia hakuna tatizo. Kuuza intaneti kwa watu ni biashara ya mawasiliano, na inahitaji leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Pia soma masharti ya kifurushi chako. Na kumbuka laini ina jina lako: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na wa kwanza kuulizwa ni mwenye laini. Ushauri wangu ni mpangaji awe na laini yake.

Mgeni wa siku moja mwekee Wi-Fi ya wageni. Rauta nyingi zina sehemu hiyo. Anapata intaneti bila kuona kompyuta zenu.

Nenosiri nibadilishe? Lililobandikwa chini ya rauta si linatosha?

Badilisha yote mawili: la Wi-Fi, na lile la kuingia kwenye mipangilio ya rauta, ambalo mara nyingi limeachwa 'admin'. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na uzime WPS (njia ya kuunganisha kwa kitufe au namba fupi bila nenosiri). Nenosiri refu la maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana ni rahisi kukumbuka na gumu kukisia. Namba yako ya simu si nenosiri; mtaa mzima unayo.

Umeme ukikatika je?

Rauta nyingi za mezani hutumia volti 12, ampea 1 au chini. Kuna betri ndogo za rauta zinazokaa kati ya adapta na rauta, umeme ukikatika haioni hata tofauti. Soma volti chini ya rauta kabla ya kununua, 9 na 12 si kitu kimoja. Unaweza pia kutumia pawabenki yenye waya wa kupandisha volti hadi 12: ya mAh 10,000 ina kama wati-saa 37, na rauta inayokula wati 8 itakaa karibu saa 3 ukishatoa upotevu. Umeme ukirudi na kishindo adapta ndiyo huumia kwanza, kwa hiyo kinga ya umeme kwenye soketi hiyo si anasa.

Nimefunga kamera nyumbani, nataka kuiona nikiwa Dar. Nimefungua milango (port) kwenye rauta lakini haionekani.

Kampuni za simu kwa kawaida huwapa wateja wengi anwani moja ya nje kwa pamoja, kwa hiyo mlango ulioufungua kwenye rauta yako haufikiki kutoka nje. Tumia programu ya mtengenezaji wa kamera inayounganisha kupitia seva zake. Weka kamera irekodi kwenye kadi yake ya ndani na itume picha pale tu panapokuwa na mwendo, la sivyo itakula bando usiku kucha ikipiga picha za migomba.

Laini iko ndani ya rauta. Nitajuaje bando limeisha, na nitanunuaje jingine?

Ujumbe wa kampuni unaingia kwenye rauta. Fungua ileile anwani ya mipangilio, utakuta sehemu ya SMS, na kwenye rauta nyingi kuna sehemu ya kupiga menyu za nyota na reli kama kwenye simu. Kama haipo, nunua bando kutoka kwenye simu yako kupitia huduma ya pesa ya mtandao huo, ukichagua kumnunulia mtu mwingine na kuandika namba ya laini ya rauta. Namba hiyo iandike kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye karatasi, uibandike chini ya rauta, maana siku ya kuihitaji ndiyo siku ambayo intaneti imeshakatika. Baadhi ya rauta zina kihesabu cha data cha mwezi. Kiweke kikuonye likibaki bando kidogo, na kila tarehe 1 kianze upya.